Vyumba sita vya Mikindani: niviongeze thamani, au ninunue nyumba bila ardhi Kisauni?

Binti Mikindani

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Jambo hili limenizungusha tangu Ramadhani, na sasa muuzaji amenipa hadi mwisho wa mwezi nimpe jibu. Naomba ushauri wa wanaoishi na wapangaji, maana ndugu zangu kila mmoja ana neno lake na hakuna hata mmoja aliyewahi kukusanya kodi.

Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Babangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya gatini miaka mingi, na mwaka 1994 akajenga vyumba sita Mikindani, hapa Mombasa, kwenye ploti yenye hatimiliki. Akiwa hai aliniandikia hiba. Mamangu anakaa nyumba ya mbele, vyumba viko nyuma: vitatu huku, vitatu kule, vinatazamana, uwanja katikati na mwarobaini alioupanda babangu mwenyewe. Vyoo viwili na bafu mbili ziko mwisho wa ua, wote wanashirikiana.

Kila chumba ni 4,500 kwa mwezi. Miaka yote nikiulizwa nilikuwa nasema "napata elfu ishirini na saba". Januari hii nikachukua daftari na meseji za M-Pesa nikahesabu mwaka mzima uliopita, mstari kwa mstari. Vyumba vikijaa mwaka mzima ni 324,000. Lakini kimoja kilikaa kitupu miezi minne, na kijana mmoja aliondoka usiku na deni la miezi mitatu. Zikabaki 292,500. Toa kodi ya mapato ya nyumba ya KRA, mamlaka ya ushuru, asilimia 7.5 ya kila shilingi iliyoingia, kama 21,900. Maboza ya maji mfereji ulipokauka, 26,000. Gari la kunyonya choo mara mbili, 14,000. Mabati ya upande mmoja yaliyoliwa na chumvi, pamoja na fundi, 38,000. Kijana anayefagia na kufungua maji, 2,000 kwa mwezi. Ada ya ardhi ya kaunti, 6,600. Mkononi zilibaki 162,000, yaani 13,500 kwa mwezi. Vyumba vitatu ndivyo vyangu. Vile vitatu vingine vinalipa gharama za vyote sita.

Nimeweka akiba ya 1,350,000 kwa miaka tisa. Sichukui mkopo wa riba, na sitaki kuzungumza hilo, ni imani yangu. Njia zilizo mbele yangu ni mbili.

Ya kwanza ni kuongeza choo na sinki nyuma ya kila chumba viwe bedsita. Fundi mmoja ameniandikia 1,150,000 kwa vyote sita. Bedsita mtaani kwetu ni 7,500, kwa hiyo ningefika 45,000 kwa mwezi.

Ya pili ni nyumba ya Kiswahili huko Kisauni, vyumba vinane, ukumbi katikati, uwani mkubwa. Kuta ni za mawe na udongo zilizopigwa plasta, paa la mabati. Kila chumba 3,500, jumla 28,000. Bei 1,900,000, na muuzaji amekubali nimlipe nilizonazo kisha salio kwa miezi kumi. Ukigawa, ni asilimia 17 na kitu kwa mwaka kabla ya gharama. Lakini ni nyumba bila ardhi. Ardhi ina mwenyewe, analipwa 800 kila mwezi.

Kinachonivuta Kisauni si hesabu peke yake. Mwaka 2019, mizigo ilipoamriwa kupanda SGR, treni ya reli mpya, kwenda Nairobi badala ya malori, mimi mwenyewe nilikatwa nusu ya mshahara na vyumba vyangu vitatu vikawa vitupu kwa wakati mmoja. Wapangaji wangu walikuwa madereva wa malori, utingo, na makarani kama mimi. Shughuli zilianza kurudishwa Mombasa baada ya agizo la Septemba 2022, nao wakarudi mmoja mmoja. Kwa hiyo bandari ikiumwa, mimi naumwa mara mbili: kazini na kwenye kodi. Kisauni wapangaji ni watu wa soko la Kongowea na wafanyakazi wa mahoteli ya Bamburi. Bandari haiwagusi kihivyo.

Na kuna jambo la tatu linalonikosesha usingizi. Chumba namba tano anakaa mama muuza mboga, mwaka wa kumi na moja sasa. Analipa tarehe 5, kila mwezi, hata mwaka wa korona alilipa nusu nusu mpaka akamaliza. Anatandika mboga zake chini ya ule mwarobaini. Nikifanya bedsita ya 7,500, nitakuwa nimemtoa. Sijui niliweke wapi hilo kwenye daftari.

Fundi wa Changamwe

Dadangu, wa alaykum salaam. Nimejenga bedsita nyingi za aina hiyo Magongo na Port Reitz, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwenye hiyo 1,150,000 uliza mambo mawili: shimo na tangi. Leo watu sita wanabeba ndoo kwenda chooni, na mtu akibeba ndoo anajua uzito wa maji. Ukimpa choo cha kuvuta, kila mkono ukigusa ni lita sita mpaka tisa zinaondoka. Shimo lako la sasa linanyonywa mara mbili kwa mwaka. Likiwa na vyoo sita vya kuvuta litakuita kila baada ya wiki chache. Unahitaji septiki mpya, yaani tangi la maji taka la kuzikwa chini, na hiyo si kazi ya kuchomeka mwishoni kama pesa zitabaki. Ndiyo kazi ya kwanza.

Na maji nayo. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki. Bomba likipasuka huko, Mikindani tunahesabu siku. Mpangaji wa 4,500 akikosa maji ananunua mitungi ya mkokoteni. Mpangaji wa 7,500 anakupigia simu wewe. Weka tangi kubwa chini na dogo juu, na pampu. Usidanganywe na kisima cha chumvi kuwa kitatosha kwa choo bila kuharibu kitu. Kitafaa kuvuta choo, lakini koki na viungo vya chuma vitakula kutu mapema, kwa hiyo paipu zote ziwe za plastiki.

Kingine, mchanga. Usikubali mchanga wa pwani hata ukiambiwa umeoshwa. Chumvi inaingia kwenye zege, inakula nondo polepole, na miaka saba baadaye slabu inaanza kukudondokea vipande. Mabati yako umeshaona yalivyofanywa na hewa tu, sembuse chuma kilichozikwa na chumvi yenyewe.

Swali: nyuma ya vyumba vyako kuna nafasi kiasi gani mpaka ukuta wa jirani? Pande zote mbili. Pima kwa futi uniambie. Choo na sinki vinataka angalau futi nne za wazi, na uache njia ya kupitisha paipu. Watu wengi huhesabu vyumba wakasahau kuhesabu ploti.

Na usifunge vyote sita kwa pamoja. Miezi mitatu bila kodi ni 81,000 ambazo hazimo kwenye karatasi ya fundi wako.

Mzee wa Majengo

Binti, nisikilize mimi kwa hili la nyumba bila ardhi, maana nimo ndani yake.

Nilinunua mwaka 2011 kwa 900,000, vyumba saba, huku huku kisiwani. Tuliandikiana kwa wakili, mashahidi wanne, mwenye ardhi mwenyewe alikuja akanywa kahawa akapokea chake kwa sababu nyumba imebadilisha mkono. Kodi ya ardhi ilikuwa 400. Mzee mwema sana. Kosa langu ni kwamba nilimpima yeye, nikasahau kuwa atakufa kama sisi sote.

Alifariki 2016. Watoto wake hawakuwa na haja na vibanda vyetu, wakaiuza ardhi kwa mtu ambaye sijawahi kumwona uso. Anakuja wakala. Kodi ya ardhi ikapanda mpaka 2,500. Hilo ningelivumilia. Lililonimaliza ni ukuta. Nyumba yangu ni kama hiyo ya Kisauni, mawe na udongo, na udongo ukinywa maji ya masika miaka mingi unachoka. Nikaomba nibomoe upande mmoja nijenge kwa bloki. Nikaandikiwa barua kwamba siruhusiwi kuweka jengo la kudumu. Mwaka uliofuata, mvua ya usiku mmoja, ukuta wa vyumba viwili ukalala. Wapangaji walikuwa wamehama wiki ile ile, Alhamdulillah. Sasa nina vyumba vitano, viwili nimevifunga kwa mabati.

Kuiuza siwezi kwa bei ya maana, kwa sababu kila mnunuzi anauliza ninayokuambia uulize wewe sasa. Benki nayo haiitaki, maana sina hati ya kuiwekea. Kwetu pwani tumerithi utaratibu wa nyumba kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe, na wazee waliishi nao kwa heshima. Lakini heshima ile ilikuwa ya watu wanaojuana. Mnunuzi wa leo anaona ardhi tu.

Ile asilimia 17 yako, binti, ndani yake mna hofu hiyo. Bei imekuwa nyepesi kwa sababu kilichouzwa ni kuta na paa.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya. Omba namba ya hati ya ardhi, uende ofisi ya ardhi ufanye sachi mwenyewe, uone ardhi imeandikwa jina la nani, usiletewe karatasi. Omba risiti za kodi ya ardhi za miaka mitano, usome jina lililopokea. Omba barua ya mwenye ardhi, si ya wakala, inayosema anakubali nyumba iuzwe, anataka kiasi gani, na unaruhusiwa kukarabati kwa vifaa gani. Akikupa vyote hivyo, njoo tuzungumze bei.

Bi Mkubwa wa Barsheba

Mzee wa Majengo amesema kweli yake na ninamwonea uchungu. Lakini naomba msizitie nyumba zetu zote kwenye kapu moja.

Sisi tuko kwenye nyumba bila ardhi tangu 1978. Mamangu alilea watoto watano humo na mimi nimelea wanne. Familia yenye ardhi tunajuana mpaka majina ya wajukuu, Idi tunapelekeana sahani. Risiti zote zimo kwenye sanduku la mama, tangu kodi ikiwa shilingi ishirini. Tumejenga kuta za mawe kwa ruhusa yao iliyoandikwa. Kama si utaratibu huu, mtu kama mamangu asingepata paa Mombasa.

Tofauti ni hii, mwanangu: sisi tunakaa. Nyumba ya kukaa ukilipia 800 za ardhi na umepumzika, umefaidi kila siku unayoamka humo. Wewe hutaki kukaa, unataka ikurudishie akiba ya miaka tisa, na yakiharibika wewe uko Mikindani huna hata jirani wa kukuita. Na una ploti yenye hati ambayo hujaitumia hata nusu. Mimi ningekuwa na hati, ningejenga kwenye hati.

Juu ya huyo mama wa mboga, nenda ukazungumze naye kwanza, kabla ya fundi. Kaa naye chini ya mti wenu umweleze wazi. Kijana wako aliyetoroka na miezi mitatu alikula 13,500 na kukuachia chumba cha kupaka rangi. Huyu miaka kumi na moja hajakuachia chumba kitupu hata siku moja. Kwenye daftari lako huyo anaandikika vizuri sana, tafuta tu mstari wake: miezi mitupu, sifuri.

Kijana wa Tudor

Naheshimu ulichosema kuhusu riba dada, hili ni kwa wengine wanaosoma. Hati za dhamana za serikali za miundombinu za Februari 2024, za miaka minane na nusu, zilitoka kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka bila kutozwa kodi, na hakuna choo cha kunyonya. Viwango vimeshuka tangu wakati huo, lakini asiyezuiwa na imani aweke hesabu hiyo kando ya hesabu ya vyumba kabla hajanunua saruji.

Swali moja kwako: hiyo 7.5 unailipa kila mwezi? Mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na inahesabiwa kwenye kodi yote uliyopokea, hata kama zote ulizimalizia kwenye mabati. Ukipanda mpaka 45,000 itakuwa 3,375 kila mwezi, iandike mapema.

Binti Mikindani

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nawashukuru kwa moyo wangu wote, hamkunijua na mmenisaidia kuliko jamaa.

Kijana wa Tudor, ndiyo, nalipa kila mwezi. Nilianza ilipokuwa asilimia 10, kabla ya kushushwa Januari 2024.

Mzee wa Majengo, nilifanya ulivyosema. Muuzaji alinipa risiti za miaka mitatu tu, zote zimeandikwa jina la wakala. Nikapata namba ya hati, nikaenda kufanya sachi. Ardhi ina majina matatu, na hakuna hata moja ambalo muuzaji analifahamu. Yeye mwenyewe alinyamaza nilipomwonyesha. Amekuwa akilipa kila mwezi kwa imani tupu, mzee wa watu, na anauza kwa sababu anataka kumsafirisha mkewe kwa matibabu. Nilimwambia sitaweza, na nilishindwa kumtazama usoni. Nimempeleka kwa wakili ninayefahamiana naye kazini amsaidie kuwatafuta hao watatu wapate kuandikiana kitu. Angalau atakayekuja baada yangu akute karatasi.

Fundi wa Changamwe, nilipima. Nyuma ya vyumba vya upande wa kulia kuna futi sita na nusu. Upande wa kushoto kuna futi tatu, ukuta wa jirani ndio huo. Yule fundi aliyeniandikia vyote sita alikuwa hajafika nyuma kabisa.

Kwa hiyo ploti imenijibu yenyewe: bedsita ni tatu, si sita. Hesabu mpya pamoja na septiki, tangi la lita 5,000 chini, dogo juu na pampu imefika 640,000. Tatu kwa 7,500 na tatu kwa 4,500 ni 36,000 kwa mwezi. Nyongeza ni 9,000, yaani 108,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya KRA. Ni ndogo kuliko niliyoiota, lakini iko juu ya hati ya babangu. Wapangaji wawili wa kulia wamesema watabaki kwa bei mpya, wa tatu anahama mwenyewe Bamburi. Akiba inayobaki sitaigusa mwaka huu. Ile hofu yangu ya bandari haijaondoka, na nikipata kipande chenye hati upande wa Kisauni, hata kidogo, nitarudi kuuliza.

Bi Mkubwa, nilikaa naye chini ya mti kama ulivyosema. Chumba namba tano kiko kushoto. Nilipomwambia hahami alicheka kwanza, kisha akalia, akaniambia tangu aone fundi akipima kwa kamba alikuwa ameshaanza kutafuta chumba Jomvu. Bei yake haibadiliki. Jioni aliniletea mchicha na mnavu, akakataa pesa.

Limebaki moja, na ni lako Fundi. Alama za septiki zimewekwa futi tano kutoka kwenye mwarobaini, na vijana wa kazi wanasema mizizi itapasua kuta, bora mti ukatwe kabla ya kuchimba. Mamangu hataki kusikia, na mimi pia sitaki. Nikiisogeza septiki kwenye kona ya lango, mteremko wa paipu utatosha? Kutoka bedsita ya mwisho mpaka kona hiyo ni futi 58, na uwanja unateremka kuelekea langoni. Wanaanza kuchimba Jumatatu.